Uchochezi Katika Kidole Gumba cha Rais

Jamhuri ya Utulivu haimo katika ramani, na kosa si la wachora ramani. Walifika mpakani na vipimo vyao, wakapewa fomu za kujaza, na mpaka leo wanajaza. Kwa hiyo wewe msomaji utasema nchi hiyo huijui wala huna ndugu huko, nasi tutakuamini, maana hata sisi tunaisimulia kwa kusikia tu.

Sheria kubwa ya nchi ile ilikuwa moja: habari haziendi ubavuni. Habari hupanda juu, serikali ikazionja, kisha ikazishusha zikiwa zimepoa. Mtu akiona moshi kwenye paa la jirani, alimwandikia Waziri wa Ukimya barua yenye nakala mbili. Wizara ikisharidhika kwamba moshi ni moshi, ilimjulisha jirani kwa barua nzuri yenye muhuri wa zambarau, naye akaisoma kwa utulivu akiwa amekaa juu ya majivu. Maamkizi tu ndiyo yaliyoruhusiwa bila kibali, kwa sababu "shikamoo" jibu lake serikali ilikuwa inalijua tangu mapema.

Huko ndiko alikoishi Kudra Semvua, mtaalamu wa Maabara Kuu ya Taifa. Iliitwa Kuu kwa kuwa nyingine haikuwepo. Kudra alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwembamba, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi, na hakuwa mtu wa siasa hata kidogo. Kitu alichokipenda duniani ni hadubini yake, aliyoifuta kila asubuhi kwa kipande cha kanga kama mtu anayemfuta mtoto pua.

Kwa miaka minne alikuwa akizichungulia chembe nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo seli T. Na siku moja alikiona kwa macho yake kile ambacho mabingwa wa nchi nyingine walishakiandika, ila vitabu vyao vilikuwa bado vinakaguliwa bandarini. Aliona kwamba seli T ikikutana na adui haikai kimya. Humwaga protini ndogondogo za ishara, ziitwazo saitokini, na protini hizo huzifikia seli za jirani, nazo hubadilika. Nyingine hufunga milango ili virusi visiingie. Nyingine huanza kuzaana. Nyingine, zilizokuwa zikipita na safari zao, hugeuka na kuja kusaidia. Kudra aliinua kichwa, akacheka peke yake maabara nzima.

Kisha akafanya kosa la kuandika ripoti. Sentensi ya kwanza ilisema hivi: "Nimethibitisha kwamba seli T, bila kungoja amri kutoka kwenye ubongo, hutoa ujumbe unaochochea majirani."

Alipeleka nakala mbili, kama raia mwema. Baada ya siku tatu akaitwa Kitengo cha Uchochezi.

Aliyemhoji aliitwa Mrakibu Pazi, mtu mnene mpole, mwenye kalamu tano mfukoni na zote hazina wino. Aliiweka ripoti mezani kwa ncha za vidole, kana kwamba ina pilipili.

"Karibu, dada yangu, kaa. Hapa hatumpigi mtu, tunauliza tu," alisema. "Huyu T ni nani?"

"Si mtu, afande. Ni seli."

"Seli ya chama gani?"

"Ya damu."

Mrakibu aliandika "Chama cha Damu", kalamu ikagoma, akabadilisha kalamu. "Jina lake kamili?"

"T tu. Ni kwa sababu hukomaa katika tezi inayoitwa thaimasi, hapa nyuma ya mfupa wa kifua. Huko hupimwa. Zile zinazoonyesha dalili ya kuushambulia mwili wenyewe huondolewa, na zile zisizotambua kitu nazo huondolewa. Zinazofaulu hazifiki tano kwa mia."

"Kumbe zina kambi ya mafunzo!" Mrakibu alishindwa kuficha heshima yake. "Tena kali kuliko ya kwetu. Mimi nilifaulu na sikutambua kitu." Akajikohoza. "Wanachama wangapi?"

"Kwa mtu mmoja? Mabilioni mengi tu, afande."

Kalamu zikamwanguka zote. "Mabilioni! Wako mkoa gani?"

"Mikoa yote. Hata wewe unazo."

Mrakibu Pazi alisimama, akajitazama mikono, akajishika shavu, akafungua kifungo kimoja cha shati na kuchungulia ndani. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ya mtu anayeomba ushauri.

"Na... wanasemaje juu yangu?"

"Hawakusemi, afande. Wanakulinda."

"Wote husema hivyo hivyo," alijibu Mrakibu kwa huzuni, akagonga muhuri.

Jambo lenyewe likapanda juu, kama ilivyo sheria, mpaka Baraza la Mawaziri. Kudra aliitwa aeleze. Aliingia ukumbini akiwa amevaa gauni lake la harusi za watu wengine, akakuta mawaziri ishirini na wanne wamejipanga, na kwenye kiti cha juu Rais mwenyewe, Jemedari Gubu, Mlezi Mkuu wa Utulivu, Mshindi wa Vita Vilivyoahirishwa. Rais alikuwa mzee wa miaka sabini na tatu, mwenye macho ya mtu aliyechoka kushangiliwa. Alikuwa ametawala miaka thelathini na moja, kwa muda tu, mpaka hali itengemae.

Aliyesimama kuuliza alikuwa Waziri wa Ukimya, Mheshimiwa Makame Shwari. Huyu alikuwa na sauti kubwa kuliko mtu yeyote nchini, na ndiyo maana alipewa wizara hiyo: ili akiongea yeye, wengine wasisikike.

"Mtaalamu!" alinguruma. "Unataka kuliambia Baraza hili tukufu kwamba ndani ya kila raia mtiifu kuna mabilioni ya watu wadogo wanaopeana habari na majirani zao, bila fomu, bila muhuri, bila hata kumshirikisha mjumbe wa nyumba kumi?"

"Si watu, Mheshimiwa. Lakini ndiyo, ndivyo ilivyo."

"Na majirani wakisikia, wanafanyaje?"

"Wanachukua hatua."

Ukumbi ulivuta pumzi. Waziri wa Mifugo alizimia kidogo, akazinduka, akaunga mkono hoja.

"Na haijawahi kutokea," aliuliza Waziri akiinama mbele, "hizo seli zikapiga kelele kupita kiasi?"

Kudra alikuwa mkweli, ugonjwa usio na tiba katika nchi ile. "Hutokea. Zikitoa saitokini nyingi mno kwa pamoja, mwili huweza kuumia vibaya. Lakini mara nyingi kuna seli T nyingine ambazo kazi yake ni kutuliza. Nazo hutoa ishara, ya kusema basi, imetosha."

"Hizo!" Waziri alipiga meza. "Hizo tunazitaka! Hizo za kelele zifutwe, zibaki za kutuliza peke yake!"

"Mheshimiwa, mtu akibaki na hizo tu, hata mafua yatamzika."

"Atazikwa ametulia," alisema Waziri, na makofi yakapigwa kwa dakika nne.

Ndipo Rais akaongea, polepole. "Binti, kuna dawa ya kuwanyamazisha?"

Kudra alisita. "Ipo, Mheshimiwa Rais. Hupewa mgonjwa aliyepandikizwa figo, ili mwili usiikatae. Au yule ambaye kinga yake imemgeukia mwenyewe. Lakini mtu mzima wa afya kama wewe, nakusihi..."

Neno "nakusihi" halikuingia kwenye kumbukumbu za kikao, kwa kuwa mwandishi hakuwa na tahajia yake. Kabla ya chakula cha mchana Sheria ya Udhibiti wa Ujumbe wa Seli ilikuwa imepita. Kila seli ingesajiliwa. Kila saitokini ingeombewa kibali siku kumi na nne kabla ya kutolewa. Na kwa kuwa kiongozi ni mfano kwa raia wake, mwili wa kwanza kutulizwa ungekuwa wa Rais. Kudra mwenyewe aliteuliwa kuwa Msajili Mkuu wa Seli, cheo kisichokataliwa, maana fomu ya kukikataa haikuwa imechapishwa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi saa mbili, Kudra alipanda ngazi za Ikulu na chupa ya dawa, akampa Rais kijiko kimoja, akasaini daftari. Alijua anachokifanya. Alijiambia kwamba kijiko ni kidogo, Rais ni mtu anayelindwa, nzi hamgusi, na huenda hakuna baya litakalomfika. Watu wenye akili nyingi hujidanganya kwa ustadi zaidi.

Mwezi ulipotimia, ikafanyika sherehe. Rais alitunukiwa Nishani ya Utulivu wa Ndani, Daraja la Kwanza. Kwa kuwa nchi nzima hakukuwa na mtu wa hadhi ya kumvisha, alijivisha mwenyewe. Bendi ilipiga, mizinga ikalia, Rais akashtuka kwa mizinga, na pini ya nishani ikamchoma kidole gumba cha kulia. Tone moja la damu likatoka. Waziri Shwari akalifuta kwa hati ya hotuba na kuendelea kuisoma.

Kidole hakikuvimba. Hakikuwa chekundu. Hakikupata joto wala hakikumuuma sana. Taifa lilisherehekea. Kila siku saa saba mchana redio ilisoma Taarifa ya Kidole: "Kidole cha Mheshimiwa Rais kimeamka kikiwa shwari. Hakuna mkusanyiko wowote ulioripotiwa." Shule zilitunga ngonjera. Waziri alifanya mkutano na wageni akaeleza kwamba katika nchi zilizoendelea kidole kikichomwa huzuka fujo, lakini hapa kwetu, tazameni.

Kudra alikitazama siku ya nne, Rais alipopokea kijiko. Alikiona cheupe. Siku ya sita Rais alivaa glavu, na Kudra akaambiwa glavu ni mtindo mpya wa kitaifa.

Sasa, jirani yake Kudra aliitwa Bi Sikujua. Alikuwa mjane mwenye umri wa miaka sitini, mfuaji wa nguo za Ikulu. Wanawake hawa wawili walitenganishwa na ua wa michongoma, na kwa miaka sita hawakuwahi kuambiana kitu zaidi ya "Shikamoo, Bi Sikujua" na "Marahaba, mwanangu". Kudra alijua jirani yake anapenda dagaa, kwa harufu. Bi Sikujua alijua Kudra hulia akisikiliza taarabu, kwa mafua. Basi.

Siku ya tisa baada ya sherehe, saa kumi za alasiri, Kudra alikuwa akianika mchicha uani. Bi Sikujua alikuwa upande wa pili na beseni.

"Shikamoo, Bi Sikujua."

Marahaba haikuja. Kudra aligeuka. Mama yule alikuwa amesimama kando ya michongoma, ameshika kitu kwenye beseni, midomo inamtetemeka kama mtu anayetaka kupiga chafya.

"Kudra," alisema. "Zinanuka."

"Bi Sikujua! Una kibali?"

"Sina. Glavu zake zinanuka, mwanangu. Nimefua nguo za watu miaka arobaini, nimefua za hospitali, nimefua sanda. Hii harufu naijua. Kwa ndani zina maji ya kijani. Jana nimefua glavu mbili, leo tano. Na mikono ya shati imelowa jasho mpaka kwapani, halafu wanasema yuko shwari." Alipumua kwa nguvu, akajishika kifua. "Haya. Nimeshasema. Waje wanikamate, lakini chupi zao sijazianua."

Kudra hakuwa mtu wa siasa, tulishasema. Lakini alikijua kinachotokea ndani ya glavu ile kama anayekiona kwenye kioo cha hadubini: bakteria wanajazana, wanajenga, wanakaribishana, na pembeni seli T zimekaa na ishara zao tumboni, zimefungwa midomo kwa kijiko chake yeye. Kwa mkono wake yeye.

"Asante, Bi Sikujua," alisema. Kisha, kwa kuwa walikuwa wameshavunja sheria, akaongeza, "Dagaa wako huwa wananukia vizuri."

"Ungesema ningekuletea," alijibu mama yule, macho yamemlowa. "Miaka sita hiyo!"

Kudra alijaribu kwanza njia ya serikali. Asubuhi yake alikwenda Wizara ya Ukimya, akachukua Fomu ya Kumjulisha Mkubwa Jambo Linalomhusu. Swali la kwanza lilisema: "Je, mkubwa huyo analijua jambo hili? Kama ndiyo, kwa nini unamwambia? Kama hapana, kwa nini unataka kumshtua?" Akajaza. Karani akampa stakabadhi: majibu ndani ya siku tisini.

"Baada ya siku tisini atakuwa amekufa," Kudra alisema.

"Basi utatumia fomu nyingine," alisema karani. "Ile ya rambirambi."

Kudra alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akaitazama chupa. Aliogopa sana. Alifikiria Kitengo cha Uchochezi, akafikiria kwamba atanyang'anywa hadubini. Halafu akasimama, akaimwaga dawa yote kwenye maua ya Wizara, akaijaza chupa kwa maji ya ukwaju. Aliongeza na vidonge vya kuua bakteria, akavibandika jina la Vidonge vya Uzalendo. Rais alivimeza akaomba nyongeza.

Siku mbili hakikutokea kitu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, seli T za Mheshimiwa Rais zilirudi kazini bila kibali.

Kidole kilivimba. Kilikuwa chekundu, kikang'aa, kikawa kama biringanya changa. Homa ilipanda mpaka kipimajoto kikapelekwa kuhojiwa. Rais wa nchi, ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kulalamika kwa kuwa hapakuwa na wa kumlalamikia, alipiga yowe lililosikika mpaka sokoni.

"Kidole kimeasi!" alitangaza Waziri Shwari.

Redio iliacha ngonjera ikapiga nyimbo za gwaride. Amri ya kutotembea ilitangazwa kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini. Kifaru kiliegeshwa kwenye bustani ya Ikulu, mtutu umeelekezwa dirishani, sawasawa na kidole. Rais, akiwa chini ya mablanketi manne, aliomba kwa unyonge kama wanaweza kukielekeza pengine. Waziri alimweleza kwamba kwa sababu za usalama hilo lisingewezekana, ila yeye binafsi angeweza kusogea kidogo kushoto.

Kudra aliitwa mbio. Alipofika alikuta kitanda kimezungukwa na askari waliovaa kofia za chuma, na Mrakibu Pazi amekaa kando na daftari akijaribu kukihoji kidole.

"Kinakataa kutoa ushirikiano," alimnong'oneza Kudra.

"Msajili!" alinguruma Waziri Shwari. "Nani amewapa hawa ruhusa ya kukusanyika?"

Kudra alimtazama mzee kitandani. Alikuwa amelowa jasho, meno yanagongana, na bila kofia yake alionekana mdogo, kama babu wa mtu yeyote. Woga ulimtoka ghafla, ukabaki uchovu na huruma.

"Mheshimiwa Rais," alisema, akampita Waziri kama anayepita kabati. "Kidole chako kilikuwa kinaoza zaidi ya siku tisa. Hakikuvimba kwa sababu dawa yetu iliwaziba midomo walinzi wako. Nimeiacha. Nimekuwa nikikunywesha ukwaju. Kinachokuuma sasa ni wao: wameona adui, wanaitana, na majirani wanakuja."

Kimya kilianguka chumbani. Ilikuwa kazi ya Waziri kukivunja.

"Uhaini!" aliruka. "Mmesikia? Amekiri! Amewaruhusu waseme! Mrakibu, kamata! Kamata yeye, kamata na kidole!" Na ili kuonyesha mfano, Mheshimiwa Makame Shwari aliinama, akakishika kidole gumba cha Rais kwa mkono wake mwenyewe na kukibana.

Kikapasuka.

Hatutaeleza sana, kwa kuwa wapo wanaosoma wakila. Tuseme tu kwamba usaha ulikuwa mwingi, uliruka juu, na ulitua kwenye tai ya Waziri, kwenye ndevu za Waziri, na kiasi kidogo ndani ya neno ambalo Waziri alikuwa akilianza.

"Aaaah," alisema Rais. Ilikuwa sauti ya mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana tangu harusi yake. "Aaaah. Basi. Hapo. Hapo hapo."

Kudra aliomba maji ya moto na chumvi na pamba, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Jamhuri vitu vililetwa bila fomu, kwa kuwa kila mtu alitaka sababu ya kutoka chumbani. Alikisafisha kidole pole pole. Rais alilala.

Kesho yake homa ilikuwa imeshuka, na siku iliyofuata mzee aliketi akanywa uji. Kudra alikuwa akibadilisha kitambaa. Kidole kilikuwa kimeanza kunywea.

"Hao watu wako," alisema Rais. "Mbona wametulia?"

"Wanapeana ishara nyingine sasa, Mheshimiwa. Adui amekwisha, kwa hiyo zipo seli zinazopita zikiwaambia wenzao imetosha. Nyingi zitakufa, chache zitabaki na kumbukumbu."

"Nani amewaamuru kuacha?"

"Hakuna."

"Wanaacha wenyewe? Kazi ikiisha, wanaondoka?"

"Wenyewe, Mheshimiwa Rais."

Jemedari Gubu aliliweka bakuli la uji chini. Alikuwa amestahimili maumivu, homa na mtutu wa kifaru, lakini hili lilimtisha kweli. Katika miaka thelathini na moja ya uongozi hakuwahi kusikia mtu mwenye nguvu ambaye kazi ikiisha anaondoka mwenyewe. Alikaa akikitazama kidole chake kwa jicho la mashaka, na jioni akaagiza kiwekewe mlinzi.

Ikabaki shida ya Kudra. Kumpiga risasi haikuwezekana, kwa kuwa amemponya Rais. Kumshukuru haikuwezekana, kwa kuwa amevunja sheria. Baraza lilikaa siku mbili, na mwisho likampandisha cheo na kumfukuza mjini katika barua moja. Angekuwa Mkurugenzi wa Kituo cha Utafiti wa Chumvi mpakani, mahali penye chumvi nyingi na pasipo na hata mmoja anayeitafiti. Bi Sikujua naye alihukumiwa kwenda huko huko, kwa kosa la kunusa bila kibali. Waziri Shwari alipewa nishani kwa kukikomboa kidole kwa mkono wake, ila alijivisha akiwa amevaa glavu za ngozi.

Walisafirishwa kwa lori lililobeba mapipa ya chokaa. Wafungwa waliketi mbele kwa kuwa nyuma palijaa. Aliyeendesha, na kuwalinda pia, alikuwa Koplo Ndauka, mtu wa makamo mwenye mvi masharubuni. Alikuwa na amri iliyoandikwa: wafungwa wasisemezane. Aliwasomea mara mbili, akaikunja, akawasha gari.

Walikaa kimya mpaka walipokipita kizuizi cha mwisho cha mji. Kisha Bi Sikujua akasema, "Ule wimbo unaokuliza ni upi?"

Kudra akamwambia. Bi Sikujua akauimba, vibaya sana. Kudra akacheka mpaka miwani ikamtoka. Wakasimuliana mambo ya miaka sita: nani aliolewa, nani alikufa, kwa nini Bi Sikujua hapiki wali siku ya Jumanne, mume wake alikuwaje, kwa nini Kudra hakuolewa na yule mwalimu. Zikapita saa mbili, zikapita saa tatu. Koplo Ndauka alikohoa kuwaonya, hawakusikia. Akapiga honi, wakadhani ni mbuzi barabarani. Mwisho akaanza kupunguza mwendo kila walipofika pazuri katika masimulizi, asikose neno kwa kelele ya injini.

Kudra alikuwa akieleza namna seli inavyomwarifu jirani yake. "Haimchagui," alisema. "Yeyote aliye karibu ataipata ile ishara. Ndivyo inavyookoa."

Koplo alikanyaga breki. Vumbi likawapita, likatua mbele yao. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Mimi siruhusiwi kusema nanyi," alisema.

"Tunajua, baba," alijibu Bi Sikujua kwa upole.

"Nina jirani. Fundi viatu. Chumba chake na changu ni ukuta mmoja. Anakohoa. Mwezi wa pili huu. Usiku namsikia anaamka, anakaa, anakohoa, halafu anatema. Asubuhi kitambaa anachoanika kina damu. Ameshakonda. Ana watoto watatu mle ndani. Mimi namwamkia tu, naye anaitikia. Nifanyeje?"

Kudra alimtazama. "Anaweza kuwa na kifua kikuu, Koplo. Kinatibika, lakini asingoje. Na watoto wapimwe. Na wewe. Umwambie leo."

"Leo niko hapa na nyie."

"Ndiyo."

Koplo Ndauka alitazama mbele, ambako barabara ilinyooka nyeupe mpaka kwenye chumvi. Akatazama kwenye kioo, kule walikotoka. Alifungua mfuko wa shati, akaitoa ile amri, akaisoma tena taratibu kama anayetafuta mahali palipoandikwa vingine, akaikosa sehemu hiyo, akairudisha mfukoni.

Kisha akageuza gari.